Tamthilia ya mama anayekimbia kipigo kwenda Oman, mwisho wake uweje?

Mtunzi_Tanga:
Habari zenu wadau. Tuna kikundi cha sanaa hapa Tanga, naandika tamthilia ya mama wa watoto wawili anayepigwa na mumewe miaka nenda rudi, mpaka siku anaaga anaenda msibani Muheza kumbe tiketi ya Muscat iko kwenye mkoba. Kwa sasa inaishia anapopanda ndege, vigelegele, taa zinazimwa. Wenzangu wameipenda ila mimi moyo unakataa, naona tunawadanganya akina mama watakaokuja kuangalia. Na watauliza tu, kwa nini hakwenda polisi?

Bi_Ruwi:
Usiishie kwenye ndege mdogo wangu, mambo ndo yanaanzia hapo. Nimefanya kazi za ndani Muscat. Viza yako iko mkononi mwa kafili, yaani tajiri aliyekuleta, pasipoti mara nyingi anakaa nayo yeye, ukiondoka kwake bila ruhusa anaripoti umetoroka na wewe ndo unageuka mkosaji. Human Rights Watch walitoa ripoti 2017 kuhusu sisi Watanzania wa Oman na Emirati, wako waliosema walikuwa wanafanya kazi mpaka saa 21 kwa siku. Sio nyumba zote jamani, tajiri wangu wa pili alinilipa vizuri na Ijumaa napumzika.

Weka hii: saa sita usiku kamaliza kupiga pasi kanzu za nyumba nzima ndo anarudishiwa simu, anasikiliza voisi za mwanae za tangu mchana, mtoto anauliza mama msiba haujaisha tu? Maana hakuna aliyemwambia ukweli. Halafu hela anayotuma inapokelewa na nani? Kama watoto wako kwa baba yao basi inaingia kwenye simu ya yule yule aliyekuwa anampiga, ikichelewa siku mbili anaambiwa watoto huongei nao. Kavuka bahari na bado anaamka anamuogopa.

Paralegal_Temeke:
Kuhusu polisi. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema wazi hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, mila iwe imesema nini. Kuna dawati la jinsia na watoto, anapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, anaenda hospitali. Kinachokwamisha kiko nyumbani, kodi analipa mume, ndugu wanasema yamalizeni wenyewe, kesi inafutwa na mwenye kesi. Kwa hiyo muweke shangazi anayemwambia vumilia mwanangu, mkeka wa ndoa haukunjwi ovyo, na asiwe mtu mbaya, awe anampenda kweli na yeye mwenyewe amepigwa miaka yake yote.

Jingine ambalo wengi hawalijui, sheria hiyo hiyo inaanza kwa kuona mtoto chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Sasa mama akiondoka kimya bila kwenda mahakamani, akirudi baba anasimama anasema huyu alitelekeza watoto. Hilo tukio peke yake ni onyesho zima.

Kijana_wa_Bibi:
Naombeni msimgeuze huyo mama kuwa mkosaji. Mimi ni mtoto wa mama wa namna hiyo, nimelelewa na bibi mzaa mama, nilikasirika sana utotoni sikatai, ila angebaki tungemzika. Watoto waende kwa bibi, na hela ipitie kwa bibi. Hiyo ndo ilituokoa sisi.

Mtunzi_Tanga:
Asanteni sana, naandika upya kuanzia uwanja wa ndege. Bibi anaingia, na shangazi nishampata wa kumuigiza. Bi Ruwi, huyo madam, mke wa tajiri, nimpe lugha gani? Waigizaji wangu Kiarabu hawakijui.

Bi_Ruwi:
Kwa tajiri wangu wa kwanza bibi kizee wa nyumba ile alizaliwa Unguja, Kiswahili chake kinakishinda hata cha kwangu, madam alikuwa anachanganya, watoto Kiarabu tupu. Familia za hivyo ziko nyingi Muscat ndo maana wengi wetu tunaanzia Oman. Mpe Kiswahili cha Unguja, kinyooshe kabisa.