Naomba ushauri: kujenga Kigamboni karibu na bahari na hatari ya tetemeko

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye ujuzi wa miamba na wa ujenzi. Nina kiwanja Kigamboni, mwendo mfupi kutoka ufukweni, na matofali ya msingi yako tayari. Fundi wangu anasema kwamba mkanda wa zege juu ya msingi na mwingine kwenye linta (juu ya milango na madirisha), yote ikiwa na nondo nne nne, ni gharama ya bure kwa nyumba isiyo ya ghorofa, kwa kuwa matetemeko ni mambo ya Bukoba na Mbeya. Sikubaliani naye, maana usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa 6.0 hivi, lililoanzia chini ya bahari kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, lilitutikisa sisi na kusikika hadi Zanzibar na Mombasa.

Ninaelewa kwamba pwani yetu haifanani na ya Sumatra wala ya Chile, ambako bamba la bahari (bamba ni kipande kikubwa cha ganda la dunia) huzama chini ya bamba jingine na kuzaa matetemeko ya ukubwa wa 9. Kwetu bamba la Somalia linaachana na la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, kwa milimita chache tu kwa mwaka. Hata hivyo tsunami ya Desemba 2004, iliyotoka huko huko Sumatra, iliua watu hapa Tanzania.

Je, mikanda miwili inatosha juu ya mchanga wenye maji karibu, au msingi wenyewe ubadilishwe? Na kuinua sakafu kutasaidia chochote dhidi ya maji ya tsunami?