Nondo kabatini, jikoni na ukutani kwa wakati mmoja: nianzie wapi?

MtunzaKaya

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa mtu anayelifahamu jambo hili kwa undani, kwa sababu majibu ninayoyapata kwa watu yanapingana. Nyumbani kwetu wapo nondo ambao kwa macho yangu hawafanani. Jikoni huruka wadogo ambao bawa lao lina rangi mbili, kijivu karibu na mwili na wekundu wa shaba kuelekea ncha, na ndani ya mkebe wa unga nimekuta nyuzi nyembamba zilizougandisha unga ukawa mabonge. Chumbani, kwenye kabati, sweta za sufu zimetoboka matundu madogo yasiyo na mpangilio, na nondo wa huko ni wadogo zaidi, wana rangi ya dhahabu iliyofifia, nao mlango ukifunguliwa hukimbilia kwenye mikunjo ya nguo badala ya kuifuata taa. Zaidi ya hayo, ukutani karibu na dari kuna vifuko bapa vya kijivu, mfano wa mbegu za boga. Nilipokitazama kimoja kwa makini, kichwa kidogo cha kahawia kilichomoza upande mmoja, kikakivuta kifuko mbele kidogo, kikaingia ndani, kisha kikatokea upande wa pili.

Je, huyu ni mdudu mmoja katika hatua mbalimbali za ukuaji au ni wadudu tofauti? Tumekuwa tukipuliza dawa ya kuua wadudu warukao. Hupungua kwa muda, kisha hurudi. Ndugu wametushauri tujaze vidonge vya nafthalini kila droo, lakini tuna mtoto mchanga na nasita.

Mdadisi wa Wadudu

Ndugu mleta mada, umewatazama vizuri, na hilo ni sehemu kubwa ya kazi. Hao ni wadudu watatu tofauti. Wa jikoni, kwa rangi ya mabawa uliyoieleza, ni Plodia interpunctella, mla unga, nafaka, karanga na matunda makavu. Wa kabatini ni nondo wa nguo, Tineola bisselliella, ambaye huukwepa mwanga; ndiyo maana nondo anayezunguka taa usiku kwa kawaida hana kosa lolote na nguo zako. Wa ukutani ni Phereoeca uterina, anayependa sehemu zenye joto na unyevu, na kile kifuko amekifuma mwenyewe kwa hariri yake, akakipaka chembe za mchanga na vumbi. Kiko wazi ncha zote mbili, ndiyo sababu ulimwona akitokea huku na huku. Chakula chake kikubwa ni tando kuukuu za buibui na nywele zilizoanguka, ingawa sufu pia huila akiipata. Kwa huyo, fagio la dari, kitambaa na kupunguza unyevu vinatosha, usimpotezee dawa.

Sasa kuhusu dawa ya kupuliza. Nondo anayeruka hali unga wala hali sufu. Nondo wa nguo aliyekomaa hana hata kinywa cha kulia chakula. Kazi iliyombakia ni kujamiiana na kutaga. Anayekula ni kiwavi, naye yumo ndani ya mkunjo au ndani ya mkebe, ambako dawa ya hewani haimfikii. Unapomwona mrukaji, mara nyingi mayai yamekwisha kutagwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila mara ni hili: viwavi wanakula nini, na kitu hicho kiko wapi? Bila kukipata chanzo hicho, utapuliza mwaka mzima.

Kwa jikoni, toa kila kitu rafuni, hata pakiti ambazo hazijafunguliwa, maana kiwavi wa Plodia hutoboa plastiki nyembamba na karatasi. Tazama vizuri vitu vinavyosahaulika: chakula cha ndege na cha mbwa, viungo vya zamani, na karanga zilizobaki mfukoni. Kilicho na nyuzi au viwavi kifungwe katika mfuko na kitolewe nje ya nyumba siku hiyo hiyo. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau: kiwavi akishiba huondoka kwenye chakula na kutafuta ufa wa kujigeuzia pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo, hivyo utamkuta kwenye kona za dari, kwenye matundu ya misumari ya rafu, na hata kwenye mzunguko wa mfuniko wa mtungi. Fyonza nyufa zote kwa mashine, kisha futa kwa maji ya sabuni na ukaushe kabisa. Jike mmoja huweza kutaga hadi mayai 400, na penye joto kizazi kipya hukomaa kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Usitangaze ushindi kabla mwezi huo haujapita.

Fundi Mavazi

Namuunga mkono aliyetangulia, nami nitasema juu ya nguo peke yake kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Kiwavi wa nondo wa nguo hula keratini, yaani kile kilichomo katika sufu, nywele, manyoya na ngozi yenye manyoya. Hariri pia huiharibu. Pamba tupu na nailoni si chakula chake, lakini nguo yenye mchanganyiko wa pamba na sufu hutobolewa, na hata ya pamba ikiwa na jasho au mabaki ya chakula inaweza kuguguniwa. Uchafu huo ndio unaompa virutubisho ambavyo sufu safi haina. Chunguza matundu ya sweta zako na utaona kwamba mengi yako kwenye ukosi, makwapa na sehemu za mikono. Kwa sababu hiyo, kanuni ninayoisisitiza kwa wateja kuliko nyingine zote ni kutohifadhi nguo ya sufu iliyovaliwa, hata ikiwa imevaliwa kwa saa moja.

Ili kuwaua waliomo, nguo inayovumilia maji ya moto ifuliwe kwa nyuzi 60 za Selsiasi. Isiyovumilia itiwe katika mfuko wa plastiki, hewa itolewe, mfuko ufungwe imara na ulazwe kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, usiufungue mfuko mpaka urudi kwenye joto la chumba, la sivyo unyevu utaganda juu ya nguo. Vilevile piga brashi mishono, mikunjo na ndani ya mifuko nje ya nyumba, kwa kuwa mayai hayakushikamana sana na nyuzi.

Kabati lenyewe lifyonzwe hadi kwenye maungio ya mbao, na mfuko wa mashine utupwe nje mara moja. Kisha inua zulia. Nimeona watu wakihangaika na kabati kumbe chanzo kiko chini ya kitanda kizito ambacho hakijasogezwa, penye nywele, vumbi na giza la kudumu. Kiota cha ndege kilichoachwa darini, au panya aliyefia huko, pia huweza kuwalisha viwavi kwa muda mrefu.

Bibi Afya

Mwanangu, kuhusu nafthalini, kusita kwako ni kwa haki kabisa. Vidonge vile hufanya kazi kwa mvuke, na mvuke huo huua viwavi ukiwa mzito tu, yaani ndani ya chombo kilichofungwa kisichopitisha hewa. Droo inayofunguliwa kila siku haiufikii uzito huo. Kinachobaki ni nyinyi kuuvuta usiku kucha. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka nafthalini katika kundi 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa mtoto mchanga kuna hatari iliyo karibu zaidi: mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na wazazi huenda hawajui kuwa anao, anaweza kupasuka seli nyekundu za damu kwa kuvishwa tu nguo au kufunikwa blanketi lililohifadhiwa na vidonge hivyo, akapata manjano ya macho na ngozi na upungufu mkubwa wa damu. Mtoto anayetambaa naye huweza kukiokota kidonge akidhani ni peremende. Ningekuwa katika nyumba yako, visingeingia kabisa.

Kama tayari vimewekwa mahali, viondoe, anika nguo nje penye upepo na uzifue kabla mtoto hajavishwa.

Watu watakutajia pia lavenda, karafuu na mbao za mwerezi. Sizikatai, harufu yake ni nzuri na huenda ikamfanya nondo asite, lakini haiwaui viwavi waliokwisha kuingia, na hufifia upesi. Asije mtu akaacha kufua kwa kutegemea kijifuko cha maua makavu.

MtunzaKaya

Nawashukuru sana, na Bibi shikamoo. Vidonge havitaingia humu. Nimebakiwa na maswali mawili. Katika kutoa vitu rafuni nimekuta punje za mahindi zenye tundu moja la duara, safi, bila nyuzi yoyote. Je, ni Plodia huyo huyo? Na mitego ya kunata yenye feromoni, ile harufu ya jike ya kuwavuta madume, inasaidia?

Mdadisi wa Wadudu

Punje yenye tundu la duara na isiyo na utando si kazi ya Plodia. Inawezekana ni Sitotroga cerealella, nondo ambaye kiwavi wake hukulia ndani ya punje na kutoka akiwa amekomaa, au ni fukusi. Tofauti utaijua kwa kumwona mdudu mwenyewe: fukusi ni mgumu, ana pua ndefu na hutembea juu ya nafaka. Kwa wote wawili kupepeta hakutoshi, kwa sababu punje inayoonekana nzima huenda ina kiwavi ndani. Nafaka chache zilaze kwenye friza kwa wiki moja, kisha zihifadhi katika mtungi wa kioo au wa chuma wenye mfuniko unaobana.

Mitego ya feromoni inasaidia, ila uielewe kazi yake. Huvuta madume tu, na majike waliokwisha kupandwa huendelea kutaga. Tena kila mtego una harufu ya aina yake: wa nondo wa unga hautamnasa wa nguo, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kununua. Uweke mmoja jikoni na mmoja kabatini, mbali na dirisha lililo wazi, na uandike tarehe juu yake, kwani harufu hupungua nguvu baada ya miezi michache. Madume wakiendelea kunasa wiki nne au tano baada ya usafi, ujue kuna mkebe, zulia au ufa ambao haujafikiwa, na sehemu ambayo mtego wake unajaa haraka ndiyo ya kuipekua kwanza.