Naomba ushauri: taa zangu za sola zinavuruga redio ya jirani

Wakuu, habari za leo. Naunda taa za LED za sola hapa Morogoro. Nikiwasha moja tu, redio ya mzee jirani inakoroma kwenye masafa ya kati. FM ina nafuu. Ukizungusha kitafutio, mluzi unajirudia kila baada ya kilohezi 100, na saketi ya kupandisha volti ndani ya taa inajizima na kujiwasha mara 100,000 kwa sekunde. Mara 100,000 kwa sekunde ndiyo kilohezi 100, kwa hiyo mwizi nimemjua: ni saketi hiyo. Nadhani waya wa mita 4 wa paneli ndio antena. Nimeuvisha feraiti (kipande cha sumaku cha kuzuia kelele za redio kwenye waya), kelele imepungua tu, haijaisha.

Je, chujio la koili na kapasita nilifunge upande wa paneli au wa LED? Na kabla sijalipia vipimo vya CISPR 15 (kiwango cha kimataifa cha kelele za redio zinazotoka kwenye taa) maabara, nawezaje kujipima kwa bei nafuu? Mzee ameanza kununa.