Huzuni na hasira tangu nianze vidonge vya homoni baada ya kukoma hedhi

Mama Ipagala:
Habari zenu ndugu zangu. Nina umri wa miaka 52, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma. Hedhi ilipokoma nilisumbuliwa na mafukuto na jasho la usiku kiasi cha kubadilisha kanga mara mbili kabla ya alfajiri, na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Novemba, mvua hazijaanza, watu wa nyumbani walidhani nalalamikia joto la Dodoma tu. Daktari alinianzishia kidonge cha estrojeni kila siku, na kidonge cha pili, cha projestojeni, katika siku 14 za mwisho za kila pakiti. Mafukuto yamekwisha na usingizi umerudi. Linalonitatiza ni moyo wangu. Kuna siku naamka na uzito usio na sababu, nalia huku nasahihisha madaftari, na wiki iliyopita nilimfokea mjukuu wangu kwa kumwaga mlenda hadi akajificha nyuma ya pipa la maji. Siku nyingine niko sawa kabisa. Nilipomweleza daktari alisema ni umri, akamwita mgonjwa anayefuata. Je, yawezekana dawa ndiyo chanzo, na nikiacha kile kidonge cha pili peke yake kuna ubaya?

Mwana Kongwa:
Shikamoo dada. Mimi yalinikuta hayohayo. Nilichukua kalenda ya ukutani, kila jioni nikaandika neno moja tu: "sawa", "nzito" au "hasira". Baada ya miezi miwili hapakuwa na haja ya kuuliza mtu, kwa maana siku nzito zote zilijipanga ndani ya zile wiki mbili za kidonge cha pili, kama kuku kwenye kichanja. Daktari wangu alinibadilishia nikapewa projesteroni, yaani projestojeni ya aina inayofanana na ile ya mwilini, ya kumeza wakati wa kulala. Iliagizwa kutoka Dar es Salaam na bei yake si ya mchezo, lakini ilinifaa. Siku moja nilijisahau nikaimeza asubuhi, nikasinzia ndani ya basi hadi nikapitiliza kituo.

Mzee wa Kizota:
Kwa heshima zote, mama zetu hawakumeza vidonge hivyo na walizeeka vizuri. Acha vyote.

Mkunga Mstaafu:
Mzee wangu, mama zetu nao yaliwapata, ila waliambiwa wana kisirani na mazungumzo yakaishia hapo.

Mama Ipagala, tafadhali usiache kidonge cha pili huku ukiendelea na cha kwanza. Ikiwa bado una kizazi, estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wake wa ndani, na kwa muda mrefu unene huo unaweza kugeuka saratani. Projestojeni ipo kwa ajili ya kuuzuia. Aliyetolewa kizazi ndiye ambaye kwa kawaida hupewa estrojeni tupu. Lakini aliyekuambia ni umri amekukatisha mapema mno, kwa sababu kuna wanawake ambao miili yao haipatani na projestojeni, hususan waliokuwa wakibadilika tabia siku chache kabla ya hedhi au walioingiwa na huzuni nzito baada ya kujifungua. Jiulize kama wewe ulikuwa mmojawapo, kisha umwambie daktari, kwani ni habari ambayo yeye hawezi kuiona kwenye faili.

Njia zipo. Aina ya projestojeni inaweza kubadilishwa, au ukawekewa kitanzi chenye homoni, ambacho kazi yake kubwa huifanya ndani ya kizazi na kiasi kidogo tu huingia kwenye damu. Aliyepitisha mwaka mzima bila hedhi anaweza pia kupewa homoni zote mbili kila siku kwa kipimo kidogo, ili pasiwe na kupanda na kushuka kila mwezi.

Hata hivyo, omba upimwe tezi ya shingo na wingi wa damu, maana hayo nayo huleta uchovu na machozi. Na iwapo uzito huo utakaa kila siku kwa wiki mbili bila kujali umefika wapi kwenye pakiti, huenda ni sonona, ambayo ina matibabu yake yenyewe. Likija wazo la kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mama Ipagala:
Asanteni sana. Nilipomzaa kitinda mimba nilikaa karibu miezi mitatu sitaki hata kumshika, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari hiyo hadi leo. Nimeitoa pakiti kabatini nikahesabu kurudi nyuma: siku ya mlenda ilikuwa ya tano ya kidonge cha pili. Nimebakiza vidonge vitatu, nitavimaliza. Kalenda nimeitundika karibu na jiko, na mjukuu ameomba yeye ndiye awe anaandika neno la kila jioni.

Mwana Kongwa:
Mwache aandike, dada. Ila ujiandae, maana watoto hawapunguzi makali.