Kambale wa Ruvu: masika yakianza wanahamia wapi?

Kijana wa Dunda
Shikamooni wakubwa. Niko Bagamoyo, kuvua kwa mshipi ndiyo starehe yangu. Kiangazi kambale wa Ruvu nawapata vizuri kwenye vina virefu. Masika yakiingia, huko kwenye vina sipati kitu, lakini walinzi wa mpunga wanawaokota majanini, maji ya kifundo cha mguu! Safari hii huku hapajanyesha hata tone na bado wametoka. Wanajuaje? Halafu kuna mmoja kaingia bwawa langu la perege, nalo liko mbali na mto.

Mzee wa Ndoana
Marahaba mwanangu. Usitazame mawingu ya Bagamoyo, tazama ya Uluguru. Ruvu inaanzia kule milimani. Kukinyesha huko, maji yanapanda kwetu hata kama jua linawaka. Kambale anachongoja ni maji yapande yafunike majani, maana hapo ndipo anapotagia. Usiku dume anajipinda kukizunguka kichwa cha jike, jike anaachia mayai na kuyatawanya kwa mkia. Yananata kwenye majani, nao wanaondoka. Hakuna anayebaki kulea. Maji yakiwa na joto, vifaranga huanguliwa ndani ya siku moja, moja na nusu. Maji yakishuka ghafla, kizazi chote kinakaukia pale pale.

Bwawani mayai yanamjaa tumboni lakini kwa kawaida hatagi. Ndiyo maana wanaozalisha vifaranga humchoma sindano ya homoni, au huchukua tezi iliyo chini ya ubongo wa kambale mwingine, wakaisaga na kumchoma jike.

Huyo wako anaweza kuwa amekuja kwa miguu, kama tunavyosema. Ukichinja kambale, fungua kifuniko cha matamvua: kwa juu utaona kiungo chekundu chenye matawi kama matumbawe. Hicho kinavuta hewa ya juu. Usiku ardhi ikiwa imelowa, anajisukuma kwa miiba ya mapezi ya kifuani huku akijinyonganyonga, na ngozi isipokauka anamaliza saa nyingi nje ya maji. Mtoe mapema, perege wadogo atawamaliza.

Mama Samaki Kaole
Mzee, maelezo mazuri. Mimi nauza, na jike wa masika wateja wanamgombania kwa ajili ya mayai. Ila miaka hii wanaoletwa ni wadogo wadogo.

Kijana wa Dunda
Ahsante sana mzee. Sasa nikitaka kuvua wakati huu, nitupe wapi na chambo gani?

Mzee wa Ndoana
Dada wa Kaole, hilo linaniuma kweli. Watu wanaziba mkondo wote kwa migono, kila jike anayepanda ananaswa kabla hajataga. Vitabu vinataja kambale wa mita moja na nusu na zaidi, lakini huwezi kumpata wa hivyo kama mama yake hakuachwa apite.

Kijana, tupa pale maji ya mto yanapoingilia majani, jua likizama. Macho yake ni madogo. Anategemea zile ndevu nane, kwa kunusa na kuonja. Kwa hiyo tumia chambo chenye harufu: utumbo wa kuku au maini. Nyungunyungu nao wanafaa. Usisimame majini, mamba wanaijua njia hiyo kuliko wewe.

Ukipata jike mwenye tumbo lililojaa, nakuomba umrudishe.

Kijana wa Dunda
Nitamrudisha mzee. Ila nikimpata ambaye tumbo halijajaa vizuri, nitamjuaje?

Mzee wa Ndoana
Mgeuze tumbo juu. Nyuma ya tundu la haja, dume ana kinyama kirefu chenye ncha. Cha jike ni kifupi, cha duara. Lowesha mikono kwanza usimtoe ule utelezi, na umshike nyuma ya kichwa, vidole vikae nyuma ya miiba ya kifuani. Ule mwiba una meno ya msumeno, ukikuchoma mkono unavimba.