Long Tom: mzinga uliokatwa mdomo uliendeleaje kupiga?

Mdadisi_Tabora
Wakuu, habari za jioni. Nasoma vita vya Makaburu na Waingereza (1899–1902). Naambiwa Long Tom mmoja, yaani mzinga mzito wa Makaburu, ulilipuliwa Ladysmith, na baada ya miezi miwili huo huo ukawa unaipiga Kimberley; miji yote miwili Waingereza walikuwa ndani, Makaburu wameizingira. Inawezekanaje? Halafu Makaburu, watu wa shamba na ng'ombe, mizinga mizito vile waliipata wapi?

Mwembe_Mkavu
Ufaransa, mkuu. Uvamizi wa Jameson mwishoni mwa 1895, Waingereza walipojaribu kuipindua serikali ya Makaburu ya Transvaal, ulimshtua rais wao Kruger. Wakaagiza mizinga minne ya kipenyo cha mm 155 kwa kampuni ya Schneider ya Le Creusot, kwa ajili ya ngome za Pretoria. Dhahabu ilikuwepo, hela haikuwa shida.

Fundi_Kukereza
Mimi kazi yangu ni kukereza vyuma, kwa hiyo huo mdomo unanivutia kuliko vita yenyewe.

Mzinga ule ulinunuliwa ukae ngomeni. Uzito zaidi ya tani 6, kombora moja kilo 40 na ushee, linafika kilomita 10 hivi. Makaburu wakaushusha, wakaufunga maksai, wakaupandisha kwenye vilima vya Ladysmith. Waingereza hawakutegemea kukutana na dude kama lile porini, ikabidi waletewe mizinga ya meli za kivita.

Usiku wa kuamkia 8 Desemba 1899 Waingereza wakanyemelea kilima cha Gun Hill, wakautegea vilipuzi, mdomo ukapasuka. Sasa sikiliza: mtutu ukiumia mbele, una bahati. Shinikizo kali la baruti liko nyuma, kule mbele gesi imeshatanuka. Unakata palipopasuka, unahakikisha mifereji ya ndani haina ncha ya kukwaruza kombora, basi. Karakana ya reli Pretoria waliukata, ukatoka mfupi kidogo, na 7 Februari 1900 ukaanza kuipiga Kimberley kutokea Kamfersdam, nje kidogo ya mji.

Ndani ya Kimberley nako kulikuwa na fundi: George Labram, Mmarekani wa karakana za De Beers, kampuni ya almasi. Kwa chini ya mwezi alitengeneza mzinga mzima, Long Cecil, kwa chuma kilicholetwa kwa ajili ya shafti. Akautoboa, akauvalisha pete za chuma za moto ili zikipoa ziubane, kama tunavyovalisha beringi. Mtu hajawahi kutengeneza mzinga maishani! Tarehe 9 Februari kombora la Long Tom likamkuta chumbani kwake hotelini, likamuua.

Mdadisi_Tabora
Dah! Na raia walijikingaje?

Fundi_Kukereza
Long Tom ulitumia baruti nyeusi, ukifyatuliwa unatoa wingu la moshi mweupe. Kimberley mlinzi juu ya mnara akiuona moshi anapunga bendera, tarumbeta zinalia, mnazo sekunde chache za kuingia shimoni. Baadaye wanawake na watoto waliteremshwa kwenye migodi ya almasi. Ladysmith homa ya matumbo na kuhara damu viliua wengi kuliko makombora. Kwangu mimi sifa za Long Tom zimezidi kazi yake, ila kumlaza mtu shimoni kutwa nzima nayo ni kazi.

Mwembe_Mkavu
Ya kuiona haipo, yote minne Makaburu waliilipua wenyewe isitekwe, wa mwisho karibu na Haenertsburg, Aprili 1901. Long Cecil ndio upo, nenda Kimberley kwenye mnara wa kumbukumbu.