Naombeni ushauri: kijana aache timu ya shule aende ligi ya junia?

Mzee wa Theluji (mtoa mada)
Wakuu heshima kwenu. Niende moja kwa moja.

Nipo Minnesota, Marekani, na familia. Kijana wangu wa kwanza anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari mwezi wa tisa. Tangu mdogo anacheza hoki ya barafu. Huku karibu kila kitongoji kina uwanja wa barafu, na watoto wote wa mtaa wanashinda huko kama sisi na chandimu. Sasa yupo timu kubwa ya shule, ni beki.

Kuna kocha wa timu ya junia (ligi za vijana wa hadi miaka 20, nje ya shule), jimbo la jirani, amempigia simu. Anasema kijana ana kipaji ila akibaki shule atapotea, hakuna mtu wa chuo anayeangalia tena timu za sekondari. Aende kwake, amalizie masomo kwa mtandao, acheze msimu mzima, vyuo vitamfuata vyenyewe. Kijana hali wala halali. Mimi naona nafasi ndiyo hii. Je, ni kweli hoki ya sekondari imekwisha na njia ya chuo ni junia tu?

Wenye uzoefu karibuni. Wa kutukana piteni mbali.

Ngosha Kiduku
Hoki ya barafu tena? Ngoja waje wenye mafriji makubwa. Nimeweka kambi hapa.

Bi Mkubwa wa Tegeta
Mwanangu, mtoto kusoma kwa simu akiwa mbali na wazazi, hiyo ni shule gani? Halafu huo mchezo si ndiyo ule uliomuua yule kijana wa Minnesota kule Uingereza mwaka 2023, kisu cha kiatu kilimkata shingo? Adam Johnson. Niliangalia taarifa nikazima runinga. Mpeleke mtoto akapige vitabu.

Mzee wa Theluji
Shikamoo mama. Ni kweli, ila tangu Agosti 2024 kinga ya shingo ni lazima kwa watoto wote kwenye chama cha hoki cha Marekani. Tusitoke kwenye mada.

Odhiambo wa South B
Msidharau hii kitu. Hapa Nairobi kuna timu ya hoki ya barafu, Ice Lions, wamefanyia mazoezi hoteli ya Panari pale Mombasa Road miaka mingi, uwanja mdogo hata timu kamili haitoshi ndani. 2018 walipelekwa Kanada wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, manyota wa hoki wa dunia, na 2024 Kenya ikaingia shirikisho la kimataifa. Mimi nilienda kujaribu siku moja na mpenzi wangu wa wakati huo. Nilianguka mbele ya watoto wa darasa la tatu wakanicheka kwa Kiingereza. Mpenzi tuliachana wiki hiyo hiyo, lakini sababu ilikuwa nyingine.

Mama Barafu
Mkuu, wanangu wawili wamepita huko huko Minnesota, mmoja yupo chuo sasa. Nijibu ulichouliza.

Hoki ya sekondari ya Minnesota haijafa. Mashindano ya jimbo yapo tangu 1945. Kila Machi yanachezwa St. Paul, kwenye uwanja wa Minnesota Wild wenyewe, timu ya kulipwa ya huku, na kwa zile siku nne wanaingia watu zaidi ya laki moja kutazama watoto wa shule. Watafuta vipaji wanajaa pale na madaftari yao. Wapo vijana wanaoanza msimu USHL, ligi ya juu ya junia Marekani, wanarudi kuchezea shule, shule ikimaliza wanarejea USHL. Kwa hiyo anayekuambia hakuna anayeangalia sekondari, kuna kitu anakuuzia.

Alichosema kocha kina ukweli nusu. Karibu kila mchezaji wa divisheni ya kwanza ya vyuo anapitia junia, lakini wengi wanaenda baada ya kumaliza shule. Ndiyo maana unakuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana miaka 20 au 21, ndevu zimejaa.

Na sasa pamebana kuliko zamani. Novemba 2024 NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, iliamua kwamba wachezaji wa zile ligi tatu kubwa za junia za Kanada, ambao miaka yote walihesabiwa kuwa wa kulipwa, waruhusiwe kucheza vyuoni kuanzia Agosti 2025. Ndipo tukamwona Gavin McKenna, nyota kijana wa Kanada, anatoka timu ya junia ya Medicine Hat anatua chuo cha Penn State. Vyuo vya divisheni ya kwanza kwa wanaume ni sitini na kitu tu Marekani nzima. Mkanada akipata nafasi, kuna mtoto wa huku amesogezwa kwenda divisheni ya tatu, na divisheni ya tatu haitoi udhamini wa michezo hata senti moja. Wazazi wengi wanalijua hilo mtoto akiwa ameshafunga begi.

Sasa nikuulize. Junia zina madaraja. USHL ni daraja la kwanza, mchezaji halipi. NAHL ni la pili, ada ya timu hakuna ila unachangia chumba na chakula kwa familia mwenyeji. Halafu kuna daraja la tatu, ambako anayeiendesha timu ni mfuko wa mzazi. Yako ni ipi, na mnalipa kiasi gani?

Mzee wa Theluji
Asante sana dada, umeandika vizuri. Ligi ni nzuri, ina timu nyingi na inakua. Gharama zipo za kawaida kama mchezo wowote. Nilitaka zaidi kujua upande wa maendeleo ya mchezaji.

Ngosha Kiduku
Umeulizwa bei, umejibu hali ya hewa.

Mukubwa wa Bukavu
Munisamehe Kiswahili yangu, mi ni Mukongo, niko Lewiston, Maine. Huku shule zinakosa batoto ya kutosha, shule mbili ao tatu zinaungana zifanye timu moja. Mutoto yangu alipata nafasi juu batu ni bachache. Viatu alipewa bure na batu ya kanisa, fimbo nikanunua mwenyewe, karibu nilie: fimbo moja dola 300, na inavunjika! Lakini ndugu, miye nakuuliza ingine. Mutoto wako ni mweusi, atalala kwa batu asiyebajua. Bokondji Imama, bazazi yake balitoka Congo, ni mwanaume munene wa kupigana, na bado 2022 kwenye AHL, ligi ya kulipwa ya chini ya ile kubwa, mutu alimufanyia ishara ya nyani katikati ya barafu. Yule mutu alifungiwa michezo 30. Nani atasimama na mutoto wako kule akitukanwa, kocha wa kulipwa na weye?

Mama Barafu
Baba umesema. Na mtoa mada bado hajajibu.

Mzee wa Theluji
Sawa, niseme yote.

Ni daraja la tatu. Ada dola 11,000 kwa msimu, familia mwenyeji dola 500 kwa mwezi juu yake. Kianzio cha dola 3,000 nimeshalipa na mkataba nimesaini wiki iliyopita. Mama yake anajua kijana ameitwa, ila anadhani timu ndiyo inayogharamia. Hela nimeitoa kwenye ile tuliyoweka ya kupaua nyumba Bunju.

Kabla hamjanirukia: mke wangu anafanya zamu za usiku nyumba ya wazee, nisingependa kumpa presha kwa jambo ambalo halijakaa sawa. Nikipata uhakika nitamwambia. Na hela ikikaa Bunju itanifaa nini kama mtoto anakosa maisha? Kocha amenitajia vijana wake waliofika vyuoni.

Bi Mkubwa wa Tegeta
Ewe baba wewe! Hela ya zamu za usiku za mke wako? Mwanamke anageuza wazee vitandani usiku kucha, wewe unanunua barafu?

Fundi Bati
Mkuu usichelewe kupaua, mbao zikinyeshewa msimu mmoja zinapinda na utanunua upya. Bei ya bati geji 28 imepanda. Bunju ipi, A au B? Nipo Boko, ukihitaji vipimo nitafute.

Simba wa Yuda
Mimi namuunga mkono. Baba ni maono. Mzee wangu aliuza ng'ombe wote nikasome Uganda, mama akanuna mwaka mzima. Leo nina maisha.

Ngosha Kiduku
@Simba wa Yuda juzi umekopa vocha humu humu.

Mama Barafu
Uliza hao waliofika vyuoni wamefika vipi. Chuo cha divisheni ya tatu kinachotoza karo kamili, au timu ya klabu ya chuo ambayo hata huko mchezaji anachanga, navyo vinaitwa "kufika chuo" kwenye vipeperushi vyao. Taja chuo na divisheni, mimi nitakuambia.

Inspekta Chai
Wakuu, mnahangaika bure. Hii ni chai, tena ya maziwa. Nimepekua nyuzi zake. Mwezi wa nne huyu huyu Mzee wa Theluji alileta uzi anatafuta mchumba: yupo Nyegezi, Mwanza, miaka 29, hajawahi kuoa, hana mtoto. Leo ana kijana wa miaka 17 Marekani. Alimzaa akiwa darasa la sita?

Ngosha Kiduku
Uuuwii! Theluji ya Nyegezi hiyo. Leteni vitafunwa.

Simba wa Yuda
Nafuta maono yangu.

Fundi Bati
Kwa hiyo Bunju hakuna nyumba?

Mzee wa Theluji
Akaunti hii nilimwachia mdogo wangu muda mrefu, ndiye yupo Nyegezi. Nimebadili neno la siri mwezi huu. Jina la Theluji nililiweka mimi tangu 2015, mtu wa Mwanza angeitwa Theluji ya nini?

Inspekta Chai
Mdogo. Kila mtu humu ana mdogo.

Mama Barafu
Ngojeni. Mkuu, kijana wako alipotoka daraja la watoto la Peewee kuingia Bantam, nini kilibadilika?

Mzee wa Theluji
Kugongana miili. Peewee hawaruhusiwi kumpiga mtu mwili, Bantam, miaka 13 na 14, ndiyo wanaanza. Mechi yake ya mwanzo alibamizwa ukutani nyuma ya goli, mama yake akashuka ngazi zote mpaka kwenye kioo akawa anakipiga ngumi, anamtukana mtoto wa watu kwa Kihaya. Mwamuzi akasimamisha mchezo. Wazungu wakaniuliza anasema nini, nikasema anaomba dua.

Na kama bado hamuamini: lile begi lake, ukilisahau kwenye gari usiku kucha, asubuhi unaendesha vioo vyote vimeshushwa hata kama ni Januari. Glavu ndizo zinazonuka zaidi, viatu afadhali. Wa Nyegezi hawezi kuyajua hayo.

Mama Barafu
Glavu. Huyu ni mzazi wa hoki, au ameishi na mmoja. Mimi nimeridhika.

Inspekta Chai
Google ipo dada yangu.

Mama Barafu
Harufu haipo Google. Mkuu, fungua mkataba utafute kifungu cha kujitoa. Kuna tarehe?

Mzee wa Theluji
Nimekiona. Kianzio hakirudi kwa hali yoyote. Nikijitoa kwa maandishi kabla ya tarehe mosi Agosti sidaiwi ada iliyobaki. Nikipitisha hapo nadaiwa yote hata kijana asipocheza.

Lakini dada, nikijitoa 3,000 imekwenda bure.

Mama Barafu
Imeshakwenda hiyo. Zilizobaki ni 8,000 za ada na kodi ya familia mwenyeji. Mwite mkeo asome kifungu hicho mwenyewe kabla ya tarehe hiyo. Kijana acheze shule mwaka huu, amalize, halafu ajaribu majaribio ya NAHL kama kipaji kipo. Asipochukuliwa huko, huyo kocha wako atampokea mwakani vilevile, anapokea kila mwenye hundi.

Bi Mkubwa wa Tegeta
Na umpikie chakula siku hiyo unayomwambia.

Mzee wa Theluji
Yupo kazini mpaka asubuhi. Nafikiri nianze kwanza na kocha, huenda akapunguza.

Mukubwa wa Bukavu
Ndugu, anza na bibi.

Inspekta Chai
Tuseme si chai. Huyo mdogo wako wa Nyegezi, mchumba alimpata?

Mzee wa Theluji
Hakumpata. Tuendelee na mada.

Mrembo wa Kirumba
Kumbe nafasi bado ipo. Na yeye anacheza mchezo gani?